"Kuangalia ni bure" ndiyo bei ghali zaidi ya fundi wa friji

Friji haichagui siku ya kuharibika. Inaweza kuzima Ijumaa jioni ikiwa imejaa nyama ya wikendi, au usiku wa kuamkia siku ya soko, wakati mama samaki ameshanunua mbuta wa kuuza kesho yake. Saa hiyo mtu hatafuti fundi bora, anatafuta fundi yeyote atakayeshika simu. Anauliza kwenye grupu la WhatsApp la ploti, anapewa namba, anapiga. Baada ya saa moja fundi amefika, amevuta friji kutoka ukutani, ameiwekea sikio, kisha anasema, "Gesi imeisha, mama." Inafuata bei, halafu, "Nitumie nusu nikachukue spea."

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, kwa hivyo mara nyingi tunaletewa hadithi hii ikiwa imefika mwisho. Pesa imetumwa, friji bado ina joto, na namba ya fundi haipatikani. Mteja anatuuliza kama tunaweza kumrudishia. Jibu letu huwa gumu, na tutalieleza hapa bila kuficha. Lakini tungependa zaidi kuzungumza nawe kabla pesa haijatoka.

Msimamo wetu ni huu: wateja wengi wa Kenya hawapigwi kwa sababu mafundi wote ni wezi. Wanapigwa kwa sababu tumezoea kukataa kulipia kazi moja muhimu, ile ya kutafuta ugonjwa. Tunataka fundi aje bure, aangalie bure, halafu tulipie "matengenezo" tu. Hapo ndipo bei inapoanza kuumuka.

Bure inayolipiwa

Hebu tukae upande wa fundi kidogo. Amepanda boda kwa pesa yake hadi kwako. Ametumia dakika arobaini kufungua na kupima. Amegundua shida ni waya uliolegea kwenye soketi, kazi ya dakika tano. Ukiwa umemwambia mapema kwamba kuangalia ni bure, atakula nini? Akisema ukweli, anaondoka na hasara ya nauli. Akisema "gesi imeisha", anaondoka na maelfu. Tumemweka mahali ambapo ukweli unamtia hasara, kisha tunashangaa akidanganya.

Ndiyo maana tunasema ulipie uchunguzi kama kazi yake yenyewe. Mkiwa bado kwenye simu, muulize: "Ada yako ya kuja na kupima ni ngapi, hata kama sitatengeneza nawe?" Mkubaliane. Akimaliza kupima, mlipe hiyo pesa palepale, aandike tatizo na bei ya kulitatua. Kuanzia hapo una uhuru wa kusema ndiyo, kusema ngoja nifikirie, au kumpigia fundi wa pili. Fundi naye amelipwa kwa alichokifanya, kwa hivyo hana haja ya kukulazimisha.

Wengine watasema hiyo ni kuongeza gharama. Mia chache za kujua ukweli ni gharama, ndiyo. Lakini linganisha na elfu kadhaa za kubadilisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Duka likikuambia kitu ni bure, unajua bei yake imefichwa mahali. Kwa fundi pia ni hivyo hivyo.

Gesi haiishi kama mafuta ya gari

Tumeitaja gesi mara mbili, na kuna sababu. Ni neno linaloogopesha, halionekani kwa macho, na mteja hana namna ya kulipinga. Kwa hivyo jua hili moja tu na utakuwa mbele ya wengi: gesi ya friji haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, maana yake imevuja. Na kama imevuja, kuna tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia wiki chache au miezi michache ya baridi, kisha atakuuzia tena.

Kwa hivyo ukiambiwa gesi imeisha, uliza swali moja kwa upole: "Imevujia wapi?" Fundi anayejua kazi hakasiriki. Atakuonyesha alama ya mafuta kwenye kiungo cha bomba, au atapaka povu la sabuni uone mapovu yakichomoza, au atakuonyesha kipimo cha presha. Baada ya hapo kazi kamili ina hatua zake: kuziba tundu, kubadilisha kichujio, kuvuta hewa yote kutoka kwenye mabomba kwa pampu, kisha kuweka gesi ya aina na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha friji yenyewe. Kibandiko hicho kwa kawaida kiko ndani ya mlango, ubavuni au nyuma. Ukiona R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto. Fungua madirisha, zima jiko, na usimruhusu mtu yeyote achomelee bomba hapo kabla gesi haijatolewa yote.

Kabla hata ya kumpigia fundi, kuna mambo ambayo unaweza kuyaangalia mwenyewe bila kufungua skrubu moja:

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyo hiyo. Haichaji? Tatizo si friji, ni soketi au stima. Kama unatumia kifaa cha kulinda friji dhidi ya stima inayopanda na kushuka, angalia taa yake. Vingi huchelewesha stima kwa dakika kadhaa kila inaporudi, na watu wengi wameita fundi ndani ya dakika hizo.

Funga mlango ukiwa umeshika karatasi katikati, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea au umechafuka. Wakati mwingine kitambaa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni vinatosha.

Angalia nyuma na chini. Vumbi likijaa kwenye mabomba ya nyuma, au friji ikibanwa ukutani, joto halina pa kutokea na mota itanguruma mchana kutwa bila faida.

Kama sehemu ya juu inagandisha vizuri lakini ya chini haina baridi, kwenye friji zisizotengeneza barafu ukutani, mara nyingi shida ni feni au barafu iliyoziba njia ya hewa. Hapo mtu akikimbilia gesi, mwambie apime tena.

Hatusemi ujifanye fundi. Nyuma ya friji kuna stima inayoweza kuua. Tunasema tu umwambie fundi ulichokiona. Mteja anayesema "taa inawaka lakini mota hailii" hupewa bei tofauti na anayesema "sijui, imekufa tu."

Fundi hutafutwa kabla ya shida

Makosa mengi ya bei hutokea kwa sababu ya haraka. Ndiyo maana namba ya fundi mzuri inafaa iwe kwenye simu yako leo, friji ikiwa nzima. Utampata wapi?

Kama friji bado ina waranti, anza na kadi ya waranti na duka ulikonunua. Usipige namba ya tangazo la mtandaoni linalodai ni huduma rasmi ya kampuni fulani. Mtu yeyote anaweza kulipia tangazo. Na fundi wa nje akifungua friji ya waranti, unaweza kuipoteza hiyo waranti.

Kama waranti imeisha, waulize watu ambao friji ndiyo riziki yao: muuza maziwa, mwenye bucha, mama wa soda na barafu. Hao hawawezi kumvumilia fundi mbaya mara mbili. Uliza pia duka la spea, iwe ni Luthuli Nairobi au mjini kwenu, ni fundi gani huja kununua vitu sahihi na harudi kesho yake kubadilisha. Keateka wa ploti anaweza kukusaidia, lakini muulize kama yeye mwenyewe amewahi kumtumia huyo mtu, maana wakati mwingine namba unayopewa ina kamisheni yake ndani.

Ukishapata jina, usiulize tu "ni mzuri?" Kila mtu ni mzuri wiki ya kwanza. Uliza: "Kazi ilipoharibika tena, alirudi?" Hilo ndilo swali linalotenganisha mafundi. Hakuna fundi ambaye kazi zake zote hushika. Tofauti ni yule anayeshika simu siku ya pili.

Vyeti navyo vina nafasi yake. Fundi aliyefanya mtihani wa ufundi wa NITA ana karatasi ya kuonyesha. Kama kazi inagusa nyaya za nyumba, kwa mfano soketi mpya au bafu la maji moto la stima, huyo anapaswa kuwa na leseni ya EPRA ya kazi za umeme, na unaweza kuomba kuiona. Lakini tusidanganyane: wako mafundi wa jua kali wasio na karatasi yoyote ambao mtaa mzima unawaamini, na wako wenye vyeti ambao hawarudi. Cheti kinakuambia mtu alijifunza. Majirani wanakuambia anafanyaje.

Bei iandikwe, hata kwa meseji

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari ni simu yako. Baada ya uchunguzi, mwombe fundi akuandikie meseji fupi yenye vitu vinne: tatizo ni nini, spea gani na bei yake, bei ya kazi, na muda wa garanti. Akisema hana wakati wa kuandika, andika wewe umtumie, umwombe ajibu "sawa". Inachukua dakika mbili.

Hiyo meseji ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa na huduma ya mwaka wa 2012 inasema kwamba kama mkataba una makadirio ya bei, anayetoa huduma hapaswi kukutoza zaidi ya makadirio hayo kwa kupita asilimia 10. Tuseme alikuandikia shilingi 6,000. Kazi ikimalizika, anaweza kufika 6,600. Akidai 9,500 bila wewe kukubali kazi ya ziada, una haki ya kusimama kwenye makadirio yenu. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa kila mteja haki ya huduma za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Lakini haki hizi zinahitaji ushahidi. "Tulielewana kwa mdomo" ni ushahidi dhaifu.

Kama bei imeongezwa VAT ya asilimia 16, omba risiti ya eTIMS. Anayekutoza kodi kwa niaba ya KRA bila kukupa risiti ya KRA, hiyo si kodi, ni pesa yake ya mfukoni.

Na spea ikibadilishwa, omba ile ya zamani ubaki nayo. Si kwamba utaila. Fundi akijua kwamba kompresa ya zamani itabaki kwako, hatakuambia imebadilishwa kama haijabadilishwa.

Lipa kwa hatua

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Malipo ya simu ni rahisi sana, na urahisi huo ndio unaofanya watu watume pesa yote kwa mpigo mmoja. Tunapendekeza uigawe mara tatu.

Kwanza, ada ya kuja na kupima, baada ya kupimwa. Pili, pesa ya spea. Ukiweza, lipa moja kwa moja kwenye till ya duka linalouza hiyo spea, si kwenye namba ya fundi. Mwambie akiwa dukani akupe namba ya till, na kabla ya kukamilisha malipo usome jina linalotokea. Ukiona jina la mtu binafsi pale ulipotarajia jina la duka, simama uulize. Kulipa dukani kunakupa bei halisi ya spea, na kunamwondolea fundi tuhuma za bure. Tatu, pesa ya kazi, friji ikiwa imewashwa na imeshika baridi. Kwa kazi kubwa kama kuweka gesi au kubadilisha kompresa, mkubaliane kwamba sehemu ndogo italipwa baada ya siku moja, ukiwa umeiona ikizima na kuwaka yenyewe kama kawaida.

Fundi akikataa hatua zote na kutaka pesa yote mbele, ana haki ya kukataa. Nawe una haki ya kutafuta mwingine.

Mambo mawili ya kukumbuka. Till si cheti cha uaminifu. Inasaidia kwa sababu inaacha jina la biashara kwenye rekodi yako, lakini mtu mbaya pia anaweza kuwa nayo. Na hakuna fundi, duka wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili alipwe. Anayekuomba simu "akusaidie kutuma" msaidie yeye kuelekea mlangoni.

Pesa ikishatoka

Sasa lile jibu gumu. Huduma ya kurudisha malipo ipo kwa ajili ya pesa iliyotumwa kimakosa: namba isiyo sahihi, kiasi kisicho sahihi. Haipo kwa ajili ya kazi mbovu. Ulipotuma, ulichagua namba, ukachagua kiasi, ukaweka PIN. Kwa mfumo, hayo ni malipo halali. Sisi hatuwezi kuwa hakimu kati yako na fundi, na hata tungetaka, pesa ikishatolewa upande wa pili hakuna cha kurudisha.

Ukiona umetapeliwa, yaani mtu alichukua pesa ya spea na kutoweka, piga ripoti polisi haraka na ubebe meseji za malipo. Kama ni mgogoro wa bei au wa ubora, mpe fundi nafasi ya kurudi kwanza, kwa maandishi, ukitaja siku. Akikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hapo meseji ya makadirio, ujumbe wa malipo, picha na ile spea ya zamani ndiyo mashahidi wako.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi vya kutosha. Mafundi nao hutapeliwa. Mteja anatengenezewa friji, anatuma pesa, fundi akifika stendi tu anaambiwa malipo yamewekewa ombi la kurudishwa eti yalitumwa kimakosa. Huo si ujanja wa mjini. Ni wizi wa jasho la mtu, na ndiyo sababu mafundi wengi wazuri wameanza kudai pesa yote mbele. Kila mteja anayefanya hivyo anampandishia bei jirani yake.

Kwa hivyo tunarudi kwenye msimamo wetu. Fundi mwaminifu hapatikani kwa kutafuta bei ya chini kuliko zote, wala kwa kumshuku kila anayebeba mkoba wa spana. Anapatikana pale ukweli unapolipwa. Lipia uchunguzi, andika bei, nunua spea kwa jina la duka, malizia baridi ikishaonekana. Na ukimpata anayekuambia "mama, hii si gesi, ni soketi tu, nipe ada yangu ya kupima niende", mlipe haraka, uhifadhi namba yake, na uwape majirani.